Yule Aliyekufa Mapema

Kwenye treni ya asubuhi, mwigizaji mmoja, bonge la mtu mwenye kipara, alikuwa akiwasikiliza abiria wawili wa kiti cha mbele, fundi cherehani na seremala. Walibishana nani hasa alikuwa steringi katika filamu ambayo yeye mwenyewe aliigiza.

“Mama, steringi ni yule aliyewapiga watu ishirini,” alisema seremala. “Na shati halikuchafuka!”

“Mwanangu, huyo anajua hafi. Ujasiri wake uko wapi?” alijibu fundi. “Steringi wangu ni yule mlinzi mwenye kipara, aliyemkinga mtoto kwa kifua chake akafa.”

“Yule? Hata dakika tano hakumaliza!”

“Zilinitosha. Nililia mpaka jirani akaja kugonga mlango.”

Mwigizaji alijiuma midomo. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akifa mapema kwenye filamu, hata mkewe humwita marehemu mzoefu. Leo moyo wake ulicheza ngoma. Treni ilipopunguza mwendo, alisimama mbele yao. “Asante, mama.”

Fundi alimkodolea macho, kisha akapiga kigelegele. “Kumbe mzima!”

Behewa zima liliangua kicheko. Treni iliposimama, wale wawili walishuka wakiendelea kubishana, marehemu katikati yao, kabeba kikapu cha mama.