Wadau Wamekubali

Nyuma ya karakana ya injini za boti kuna benchi lililopinda katikati, na hapo katikati ndipo anapokaa Kizimba, mfuga samaki, kila asubuhi. Leo hakukaa. Alisimama na kikombe chake cha kahawa, amekasirika. Afisa uvuvi alikuwa amepita sasa hivi na kipaza sauti: vizimba vyote vya samaki viondolewe baharini kabla ya Ijumaa, kupisha mitambo ya kufua umeme wa upepo. Vifaranga wake hawajafika hata ukubwa wa kidole. Akiwatoa majini sasa, wanakufa wote, na kazi nyingine hana.

— "Wadau wameshirikishwa, wadau wamekubali!" Kizimba aliigiza ile sauti ya kipaza. Wadau gani hao? Siku waliyokubali mimi nilikuwa wapi?

— Punguza moto, shemeji, alisema Redio, kaka wa mkewe, mtu asiyekosa habari wala asiyewahi kuwa nayo sahihi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wahamishe wangali wadogo.

— Methali hiyo ya kulea watoto, punguani we! alifoka Plagi, fundi injini. Wadau ni wenye meli kubwa. Sisi tunapimiwa macho ya nyavu kwa rula. Wao wakija kukomba bahari, macho ya wakaguzi yanaingia mchanga.

— Wapi! Mdau ni cheo, alisema Redio. Wako wawili nchi nzima, wanazungushwa na gari. Mmoja anakubali, mwenzake anapiga makofi.

— Mimi nasikia yale mapanga ya mitambo yatapuliza samaki wote mpaka ng'ambo, alisema Plagi. Hao wadau wapo huko, wanangoja na ndoo.

— Na upepo utafungiwa mita, aliongeza Redio. Ukipandisha tanga tu, risiti!

Walicheka. Kizimba hakucheka.

— Chekeni! Maji yalipochafuka, vifaranga wakaelea matumbo juu, nilikwenda ofisi ya uvuvi mpaka soli zikaisha. Hakuja mtu kukagua. Leo ndiyo wameijua njia? Mungu anawaona!

Pikipiki ikasimama. Akashuka dada mmoja, kitambulisho shingoni, amekumbatia furushi la fulana mpya.

— Shikamooni. Nimetoka kwenye mradi wa upepo, natafuta wadau. Wavae hizi tuwapige picha, halafu ndiyo waandikishwe fidia.

Akakunjua moja. Kifuani imeandikwa: MDAU. NIMEKUBALI.

— Ndio nyie?

Redio akaigusa ile fulana kwa kidole. Plagi akajifuta mikono ambayo haikuwa na grisi. Kizimba akapiga hesabu: akisema ndiyo, amekubali, akisema siyo, fidia hana, na vizimba vinaondoka vilevile.

Dada akawatazama mmoja mmoja, kwa adabu kabisa.

— Basi kama siyo nyie, wazee wangu, nielekezeni. Wadau wanakaa wapi?