Efigenio Ridderstap na Kamba Niliyoilegeza

Ndugu Efigenio Ridderstap, ambaye hapa Hadicurari, kwenye kituo chetu cha mbao za tanga za kuteleza baharini, tunamwita Mjomba Geni, anastaafu Jumamosi hii, tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Aliingia na nywele nyingi, anatoka na kofia. Nimeombwa niandike mimi, Mirla wa jikoni, kwa sababu wengine wote waliajiriwa baada yangu. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo pale nitakapokosea mnisamehe, mnielewe hivyo hivyo.

Mjomba Geni alianza kwa kuzoa mwani ufukweni kwa reki. Mwaka wa pili akapewa boti ya uokoaji, na mwaka wa tisa akawa fundi mkuu wa matanga. Mnaujua upepo wetu. Unatoka nchi kavu na kusukuma kila kitu kwenda bahari kuu, na huko mbele hakuna mtu wa kukupokea. Kwa miaka yote hiyo hakuna mgeni wala mwenyeji aliyetoka hapa asirudi. Mimi kila asubuhi nikikanda unga wa pastechi, sambusa zetu za hapa, huwa nawahesabu wanaotoka, na sipumui vizuri mpaka hesabu itimie jioni. Siku moja alinikuta nahesabu, akaniambia, "Mirla, tuko wawili. Mimi pia nawahesabu."

Wageni wengi walidhani ni mtu wa mizaha tu. Mmoja alikuja na fulana imeandikwa bingwa, akakataa kusaidiwa. Mjomba Geni akakaa juu ya ndoo akimtazama, mpaka mwisho akamwambia kwa upole, "Bwana bingwa, mlingoti wako umesimama kwa kichwa." Na kweli alikuwa ameuchomeka kinyume. Mgeni yule amerudi kila mwaka tangu siku hiyo, na anamletea jibini.

Lakini nyuma ya mizaha kuna mtu mwoga sana, na nasema hivyo kwa heshima. Ukimletea ubao mpya hakuruhusu uingie majini siku hiyo hiyo. Lazima ulifunge tanga mchangani, ulifungue, ulifunge tena, mara tatu. "Ya kwanza ya kujifunza," husema, "ya pili ya kukosea, ya tatu ya kwenda." Kisha anajaribu kwa kidole skrubu ya pezi la chini ya ubao, anatikisa kitako cha mlingoti kama mtu anayetaka kung'oa jino, na mwisho anaangalia kamba ya chini, ile inayolikaza tanga kwenye mlingoti. Kila kamba ya kituo ina uzi mwekundu alioushona yeye mwenyewe. Uzi ukigusa kapi, umevuta vya kutosha. Usipogusa, huendi.

Sasa nitaeleza habari ya uzi huo, maana jambo hili limenikaa kifuani miaka sita, na sitaki aondoke nalo.

Binti yangu Shudeska alikuwa na miaka kumi na saba alipopata ubao wake wa kwanza wa mbio. Kabla ya hapo alikuwa akicheza na mbao nene za wanafunzi, zile ambazo hata ukitaka haziendi. Huu ulikuwa mwingine kabisa: mfupi, mpana kama mlango wa kabati, mwepesi hata nilipouinua nilishtuka, na tanga lake lina mbavu ngumu na urefu wa kushinda nyumba yangu. Niliuliza una breki wapi. Shudeska akacheka mpaka akakaa chini. "Mami, breki ni mimi mwenyewe." Maneno hayo yalininyima raha wiki nzima.

Mjomba Geni alimfunza siku tatu mchangani. Mikanda ya miguu aliisogeza ndani, karibu na katikati, akisema ya pembeni ataizoea baadaye. Akampa pezi dogo kuliko alilotaka. Shudeska akanung'unika, "Mjomba, utanifanya niende kama bibi kizee." Akamjibu, "Bibi vizee wote unaowaona hapa wamefika uzee, si ndiyo?" Alhamisi saa tano asubuhi tanga lilikuwa tayari, uzi mwekundu umegusa kapi. Mjomba akaenda kutia mafuta kwenye boti, Shudeska akaenda kubadilisha nguo, na mimi nikabaki peke yangu na lile tanga.

Nililitazama. Kamba ilikuwa imekazwa kama waya wa umeme. Nikajiambia, kitu kilichokazwa hivi kitamrusha mwanangu. Nyumbani kitu kikikaza sana unakilegeza kidogo, kinatulia. Basi nikafungua fundo, nikaachia kamba upana wa vidole vinne, nikafunga tena vile vile, na uzi mwekundu nikauficha ndani ya mzunguko wa kamba ili usionekane. Mikono yangu ilikuwa na unga. Nikamwomba Mungu, nikarudi jikoni nikiwa nimeridhika. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba niliridhika.

Wasiojua, niwaambie alichonifundisha Mjomba Geni baadaye. Tanga la mbio likikazwa chini, ukingo wake wa juu hulegea, na upepo mkali ukija hupita pale na kumwagika. Ukililegeza chini, juu hakufunguki. Tumbo la tanga linajaa, linavuta nyuma, na mtu hana namna ya kulizuia. Mimi nilidhani nampunguzia nguvu. Nilikuwa nimeziba mahali ambapo upepo ungetokea.

Alikwenda vizuri mara mbili, akarudi. Mara ya tatu upepo ulipanda, kama unavyopanda hapa karibu na saa sita. Nilikuwa mlangoni na sinia mkononi. Niliona tanga lake likiyumba mbali kabisa, likasimama wima, kisha likaanguka mbele kama mtu aliyesukumwa. Nikangoja linyanyuke. Halikunyanyuka. Likawa doa, halafu likawa si doa, ni maji tu.

Sinia sijui niliiweka wapi. Nakumbuka nilikuwa ndani ya bahari mpaka kiunoni na aproni yangu, napiga kelele, na Mjomba Geni akinipita na boti bila kunitazama, amesimama, mkono mmoja juu ya macho. Alirudi baada ya dakika hamsini. Shudeska alikuwa amefungwa ndani ya shati la Mjomba, mdomo umepasuka, bega limetoka mahali pake, meno yanagongana. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Mami, lilikuwa linanivuta, sikuweza kulifungua." Mimi nilijua papo hapo. Nikamkumbatia.

Walipompeleka kwa daktari nilirudi kuchukua mkoba wangu. Nikamkuta Mjomba Geni amepiga magoti mbele ya lile tanga alilorudi nalo. Alikuwa ameufukua uzi mwekundu, umbali wa vidole vinne kutoka kwenye kapi. Katikati ya fundo, mahali ambapo maji hayakufika vizuri, palikuwa na unga uliogeuka kuwa donge dogo la kinyunya. Alilibandua kwa ukucha. Akalitazama, akanitazama mimi na aproni yangu. Kisha akaitumbukiza kamba kwenye pipa la maji baridi, akaisugua mpaka ikawa safi.

Meneja wetu, Bwana Lacle, alipomuuliza kilichotokea, nilikuwa nimesimama pale pale. Mjomba Geni alisema, "Kamba niliiacha imelegea mimi. Uzi sikuuangalia." Bwana Lacle hakuamini masikio yake. "Wewe, Geni? Wewe?" "Mimi. Nazeeka." Akaandikiwa barua ya onyo ikaingia kwenye faili lake. Mashindano ya mwaka ule, ambayo alikuwa ameyafungia matanga tangu yaanze, alikaa stoo akisuuza mishipi ya kiunoni ya wanafunzi, huku vijana aliowafundisha mwenyewe wakipita mlangoni na kunong'ona kwamba mzee macho yamekwisha. Niliwasikia. Niliwauzia pastechi na nikanyamaza. Niliogopa kazi yangu, na niliogopa zaidi macho ya mwanangu.

Juma lililofuata ajali, Mjomba Geni alikuja jikoni. "Mirla, toka nje." Nikajua siku yangu imefika. Nje alikuwa ametandika tanga, na kile kigongo chake cha mbao cha kuvutia kamba kiko juu yake. "Vuta," akaniambia. Nikaanza kulia, nikamwambia, "Mjomba, najua unajua." "Najua nini? Vuta, mama. Weka mguu hapa. Vuta mpaka uzi uguse." Nilivuta mpaka viganja vikachubuka. Akanionyesha pale juu ukingo ulivyolegea na kupepea. "Umeona? Pale ndipo upepo unatokea. Si kosa kuogopa. Mimi naogopa kila siku ya Mungu. Ila ukiogopa, uliza kwanza." Hajawahi kulitaja tena, si kwa utani wala kwa hasira.

Jumapili iliyopita, tulipotoka misani, nilimweleza Shudeska yote. Sasa ana miaka ishirini na mitatu na bega lake humsumbua anapobeba vitu vizito. Tulikuwa garini, tunarudi nyumbani. Nilipoegesha gari hakushuka. Nilidhani amenikataa. Halafu akasema, "Kwa hiyo Mjomba amebeba hii miaka sita?" Nikasema ndiyo. "Basi umwandikie. Waziwazi, wasome wote." Akafungua mlango, akageuka. "Na Jumamosi nitaingia majini na tanga kubwa. Kamba utavuta wewe, mbele yake." Nikamwambia siwezi, mikono itatetemeka. "Itetemeke," akasema, "lakini ivute."

Bwana Lacle, hukumu yangu utaiamua mwenyewe, na nitaipokea. Lakini barua ile ya onyo naomba uitoe kwenye faili la Efigenio Ridderstap kabla hajatoka getini. Kama lazima ikae mahali, iandikwe jina langu. Na nyinyi vijana mlionong'ona mlangoni pa stoo, sasa mmejua macho yake yalikuwa mazima. Yaliona unga ndani ya fundo.

Mjomba Geni, asante kwa watu wote uliowarudisha, na asante zaidi kwa mmoja. Nenda ukakae kwenye baraza la nyumba yako huko Noord, uchome samaki, usitazame bahari kwa kuhesabu. Sisi wenzako tunakuombea siku nyingi, tulivu, zenye usingizi. Kuhesabu niachie mimi.

Jumamosi saa nne asubuhi, pale mchangani, njoo na ile ndoo yako ukae. Usinisaidie. Ukiona uzi mwekundu umegusa kapi, tikisa kichwa tu, ndipo nitamwachia mwanangu aende.