Kofia Sita Mezani

Basi lilikuwa likiturudisha bandarini, kwenye meli yetu ya matembezi. Mbele yangu, mama aliyempakata mwanawe alikuwa akimwambia mzee asiyemjua, "Leo familia yangu itakula meza moja, potelea mbali!"

"Kwani mnakulaje, binti?"

"Tumetawanyika kama kuku waliofukuzwa, baba. Siku tatu mama yangu anakula na wageni. Kuna mtu hutangulia akaweka kofia kwenye viti vyote sita vya ile meza ya dirishani melini, ndiyo pekee inayotutosha, kisha anakwenda zake kuogelea. Wahudumu wanaziona, wananyamaza. Na kesho tunashuka."

Damu ilinichemka. Mimi mwenyewe nilikuwa nakula kando ya mlango wa choo.

Mzee alikohoa. "Aliyewahi kawahi, binti."

"Kofia haina tumbo, baba. Nikizikuta leo, nitamwomba mhudumu azitilie supu."

Nilicheka kwa sauti. Mzee hakucheka. "Pengine mwenyewe ana wajukuu wanaopenda kutazama maji."

"Umejuaje ana wajukuu?"

Mzee akageukia dirisha. Kwenye mkoba uliokuwa miguuni pake, ukingo wa kofia ya ukili ulichungulia, na chini yake nyingine. Yule mama aliinama, akatazama bila haraka.

"Ziko ngapi, baba?"

"Sita," alijibu, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa umri wake.

Basi likasimama. Mzee alivuta zipu ya mkoba, ikakwama. Mama alikuwa keshafika mlangoni, mtoto begani.

"Aliyewahi kawahi, baba!" alisema, akashuka.