Karani Aliyesahau Kuuliza Habari za Shangazi

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu dada yetu, karani wa masjala mliyemzoea kwa jina la Faili, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkunga. Anayesoma ni mdogo wake, fundi friji. Sehemu kubwa ya wasifu huu marehemu aliipitia mwenyewe akiwa kitandani, akafuta sifa nyingi, kwa hiyo mkiona umekauka, mlaumuni yeye.

Alianza shule ya msingi Januari 1977. Darasa la nne alikuwa kiranja, na mwalimu akitoka kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele. Siku moja mwalimu alirudi akakuta jina la kwanza ni la kiranja mwenyewe. Alifagia darasa pamoja na wenzake, na nyumbani tulimcheka wiki nzima. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1987, kisha akasomea utunzaji wa kumbukumbu kwa miaka miwili.

Tarehe 1 Februari 1990 aliajiriwa katika masjala ya hospitali kuu, chumba kile cha chini chenye dirisha moja na rafu zinazofika darini. Humo ndimo alimopata mume. Shemeji yetu, dereva wa ambulensi, alikuwa akileta fomu zisizo na saini, naye akimrudisha. Safari ya nne alimwuliza kama anasahau kweli au anasahau makusudi. Shemeji anasema swali hilo hajalijibu mpaka leo. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1997 na wakajaliwa watoto wawili wa kiume.

Mwaka 2016 maabara ya hospitali ilipata mashine ya kusoma vinasaba, inayoonyesha kama mtu amerithi kasoro iletayo saratani ya matiti. Kabla ya hapo damu ilipelekwa ng'ambo, na kipimo kimoja kilitaka mtu auze kiwanja. Mashine nayo haikuwa na huruma: iwashwe kwa mtu mmoja au kwa arobaini, kiasi cha dawa kinachotumika ni kile kile. Marehemu ndiye aliyesema basi isiwashwe mpaka ijae. Gharama ikagawanywa, kipimo kikashuka hadi bei ya viatu vya shule. Kuijaza ikawa kazi yake. Alipiga simu, alisimamisha watu koridoni, aliwafuata wapishi jikoni akiwaambia wamebaki watu tisa tu mashine ijae na kila mtu aje na dada yake. Wapo waliokuwa wakimwona kwa mbali wanageuza njia, na baadhi yenu mko hapa.

Sehemu inayofuata aliagiza isomwe bila kupunguzwa makali. Fomu ya kuchagua nani apimwe kwanza aliiandika yeye. Aliweka nafasi ya mama, bibi mzaa mama, mama wakubwa na wadogo, na dada. Upande wa baba hakuuweka. Sote tuliamini ugonjwa wa titi hurithiwa kwa mama, na hata wakubwa waliotia saini hawakuhoji. Alijaza fomu yake, ikatoka safi, akajipanga nyuma kabisa ya foleni ili wengine watangulie. Na huku shangazi zetu wawili walikuwa wamekufa kwa titi, mmoja akiwa na miaka 39, mwingine 44.

Agosti 2020 mama anayefua shuka hospitalini alimrudishia fomu akasema, "Faili, mimi nilikuwa na shangazi watatu, wote nimewazika kwa titi. Niwaandike wapi?"

Marehemu aliitazama ile karatasi, akavuta kiti, akaketi. Wiki hiyo hiyo alipimwa. Kasoro alikuwa nayo, na uvimbe ulikwisha kuanza.

Alifanyiwa upasuaji tarehe 21 Septemba. Nyuzi hazijatolewa, fomu mpya ilikuwa tayari, naye akaanza kuwapigia simu wanawake 312 waliojaza ile ya zamani. Kila mmoja alimwambia maneno yale yale: "Niliuliza nusu tu ya ukoo wako. Kosa ni langu. Sasa nieleze upande wa baba." Ilimchukua miezi saba. Kumi na mmoja walikutwa na kasoro, tisa kati yao kabla ya uvimbe wowote. Mama wa shuka ni mmoja wa hao tisa, na yuko hapa mstari wa pili.

Hapa nitaacha kujiita mdogo wake, nitasema mimi. Wanawake 312 walimsikiliza, mimi nikamgomea. Nilimwambia mwanamume hana titi. Alinijibu kwamba nina damu ya baba, na binti zangu wawili wana yangu. Nilijidai nina kazi nyingi. Tusidanganyane: nilikuwa naogopa.

Oktoba 2023 ugonjwa ulirudi na kuingia kwenye mifupa. Tarehe 20 Mei mwaka huu wa 2024 nikaitwa maabara, eti friji ya damu imekufa. Nilikwenda na vifaa vyangu. Friji ilikuwa nzima, ikinguruma vizuri kabisa, na kando yake muuguzi ameshika sindano. Dada alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amejifunga shuka. Hakunibembeleza. Nilikunja mkono wa shati.

Majibu yalitoka Jumanne tarehe 11 Juni. Nilikaa kando ya kitanda chake nikamwambia, "Dada, ninayo."

Alifumbua macho. "Basi waite wasichana."

Walifika jioni, akawaeleza mwenyewe, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Mkubwa wao aliniuliza mbele yake kwa nini nilichelewa. Dada hakunisaidia kujibu. Alifariki Jumatano tarehe 12 Juni saa nne asubuhi, akiwa na miaka 55.

Ameacha mume, wana wawili, ambao wote wamekwisha kupimwa, mdogo wake mmoja, aliyempotezea miaka mitatu, na wasichana wawili, miaka 24 na 21, waliokuwa wakimwita shangazi. Jana walitolewa damu, na majibu yao bado.

Dada, pumzika kwa amani, umehangaika vya kutosha. Sisi tuna miadi ya kuchukua majibu Jumatatu tarehe 1 Julai, saa mbili asubuhi, na wasichana nitawapeleka mwenyewe.