Paipu Juu ya Nyumba ya Seline

Benchi la Mutheu, muuza kahawa wa Kabiro, huko Kawangware, lilikuwa na wateja watatu alasiri hiyo ya Novemba 1997: Nicanor, fundi wa antena, Muia, aliyeitwa Profesa kwa kuwa aliwahi kufagia maabara ya shule, na Khaemba, mlinzi wa usiku, jina la mtaani Redio. Jua lilichoma tangu asubuhi. Kufikia saa tisa wingu jeusi lilikuwa limesimama upande wa Ngong. Nicanor alikuwa akiitazama paipu ya chuma ya antena aliyoisimamisha jana juu ya nyumba ya jirani, Seline, ng'ambo ya mtaro.

Radi ikamulika. Muia akahesabu hadi kumi na tano, ndipo ngurumo ikafika.

— Kilomita tano. Sauti inatembea pole kuliko mwanga.

— Na inatoka wapi, Profesa? Khaemba aliuliza.

— Hewa moto imepanda na maji yake. Huko juu maji inakuwa barafu. Barafu ikigongana inatoa stima, umeme. Stima ikijaa, inaruka. Hewa inachomeka, inapasuka. Hiyo ndiyo ngurumo.

— Barafu, na hii joto? Khaemba alisema. Wacha zako! Kwetu Kakamega radi ni jogoo mwekundu. Anatafuta mwenye amevaa nyekundu.

Mutheu alicheka, kisha akaivua leso yake nyekundu na kuikalia.

— Kwetu Kitui tunafunika kioo, alisema. Ikijiona, inaingia.

Radi nyingine. Muia alifika tisa.

— Nico, na hiyo chuma yako? Mutheu aliuliza.

— Iko juu ya tairi, Nicanor alijibu. Raba haipitishi stima. Hakuna kitu itafanya.

— Fundi wa ukweli! Khaemba alisema, na wote wakakubali.

Seline alivuka mtaro, mikono ina povu la sabuni.

— Nicanor, sasa? Mtoto amelala kando ya TV. Radi ikipiga paipu, na tairi imeikataza kushuka, itapitia wapi?

Khaemba alimgeukia Muia. Muia alikuwa ameinua macho kwenye paipu. Nicanor aliiona ile waya ya antena: kutoka kwenye paipu, kupitia tundu la bati alilotoboa mwenyewe, hadi kwenye TV, kichwani mwa kitanda.

Radi ikamulika. Muia alifika tano. Nicanor alikuwa ameshavuka mtaro.

Alitoka na mtoto kifuani, bado amelala.

— Tumpeleke wapi? Seline aliuliza.

— Kanisa la mawe, alisema Muia. Nafikiri.

Wakakimbia wote watano, Mutheu ameacha birika motoni. Radi iliyofuata ilipomulika, hakuna aliyehesabu.