Maman Sidonie Hakumrudishia Mtu Ugonjwa

Tarehe thelathini Juni, Sidonie Kyembe, ambaye sote tunamwita Maman Sidonie, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya uuguzi hapa Ubelgiji, karibu yote kando ya vitanda vya watu waliopandikizwa figo, ini au moyo. Kamati ya umoja wetu wa wauguzi wa Kiswahili imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe. Imeniomba pia niandike kwa upole. Ombi la kwanza nimelikubali.

Alizaliwa Likasi, akasomea uuguzi Lubumbashi, akaja Brussels akiwa na mtoto mgongoni na vyeti ambavyo ilibidi avisomee upya. Hakuwahi kuwa na hospitali ya kuiita yake. Alikuwa muuguzi wa wakala, yule anayepigiwa simu wodi inapopungukiwa na watu: wiki tatu Liège, miezi miwili Ghent, kisha Brussels tena, na begi lake la magurudumu lenye ndala, chupa ya chai na pilipili ya kusaga. Aliomba ajira ya kudumu mara nyingi, akaambiwa asubiri. Kuna wodi moja ya figo hapa mjini ambayo alifundisha wauguzi chipukizi mpaka wakawa wakubwa wake wa kazi, na bado kila alipoingia alipewa beji ya mgeni. Hospitali hiyo haijamwandalia hata kikombe cha kahawa, kwa kuwa sherehe za kuagana ni za waajiriwa. Ndiyo maana tunakutana kwenye ukumbi wa kukodi karibu na Porte de Namur, na aibu ni ya kwao.

Wagonjwa walimpenda na walimwogopa. Watu wetu hawaendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na yeye alijua tunavyoficha vyakula, kwa sababu ni mtu wa kwetu. Alikuta pondu, kisamvu chetu, ndani ya mfuko wa nepi. Siku moja ukoo mzima ulimletea mzee wao gunia dogo la balungi, tunda ambalo huvuruga kabisa dawa za mtu aliyepandikizwa. Maman Sidonie aliwashukuru kwa heshima zote, akalibeba gunia hadi chumba cha wauguzi, akatugawia. Tulikula balungi wiki nzima, na ukoo ukaambiwa mzee ameyafurahia sana.

Sasa nafika kwa Ngoy, na hapo upole wangu unaisha.

Ngoy ni kinyozi wa Matonge, mtaa wa watu wetu hapa Brussels. Figo zake zilipokufa, dada yake Inès alimpa moja ya zake. Maman Sidonie na mimi tulimuuguza, na alipotoka hospitali akiwa na afya njema, familia ilitualika kwenye ibada ya shukrani katika kanisa lao, ghorofa moja juu ya duka la vitenge. Tulikalishwa mbele, tukapigiwa makofi. Tulidhani tumeitwa kushukuriwa.

Kanisa hilo lina desturi yake. Anayetoa ushuhuda wa kupona huja na dawa zake na kuzitumbukiza katika kapu mbele ya madhabahu, ili watu waone kwamba hazihitaji tena. Ngoy aliitwa. Akatoa mfukoni boksi la vidonge vinavyouzuia mwili wake usiikatae figo ya dada yake, vidonge vya kumezwa kila siku ya maisha yake, akalitia kapuni. Mchungaji Hilaire akapaza sauti kwenye kipaza sauti: "Muntu mwenye alipona, anameza dawa ya nini tena?" Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nimeganda kwenye kiti.

Maman Sidonie hakuganda. Alisimama na kitenge chake kipya, akaenda mpaka madhabahuni, akaingiza mkono kapuni na kupekua vidonge vya presha na vya sukari vya watu wengine mpaka akalipata boksi. Akamletea Ngoy, aliyekuwa amesharudi kitini. "Ngoy, mutoto yangu, hii haiko dawa ya bugonjwa. Iko ya kulinda rein, ile figo ya dada yako. Kamata." Ngoy aliangalia watu, akaikalia mikono yake. Mama yake, Maman Victorine, akamsukuma Maman Sidonie kifuani, na wahudumu wa mlangoni wakatutoa nje kama walevi.

Kesho yake Maman Sidonie alimweleza daktari. Daktari akampigia Ngoy, naye akajibu kwamba anameza zote. Inès alimsihi kaka yake kwa machozi, akaambiwa na mama yake mwenyewe kwamba hana imani. Baada ya wiki chache Ngoy aliletwa hospitali uso umevimba, na hakukuwa na la kuokoa. Figo ya Inès, ambayo alilala kwenye meza ya upasuaji ili aitoe, ilikufa kwa sababu ya makofi. Nimekaa miaka na maneno hayo, na bado yananichemsha damu.

Ungetegemea mtu aombe radhi. Badala yake lilitoka neno kanisani kwamba Maman Sidonie ndiye muuaji wa figo ile: Ngoy alikuwa ameuacha ugonjwa madhabahuni, yeye akaenda kuuchukua kwa mkono wake na kumrudishia. Saluni zikalipokea, baa zikalipokea. Wanawake aliowauguzia waume zao walivuka barabara wasimsalimie. Maman Victorine alipeleka malalamiko kwa wakala, na muuguzi wa wakala hata hafukuzwi. Simu yake haiiti tu. Wodi ya figo haikumwita tena. Amemalizia kazi yake katika miji ya mbali, akiamka kabla ya jogoo kuwika ili awahi treni.

Na hakujitetea. Angejitetea vipi? Utetezi wake wote ulikuwa siri ya mgonjwa. Ili asafishe jina lake ilimpasa atangaze kwamba Ngoy aliacha dawa na akamdanganya daktari, na hilo hakulisema kwa mtu yeyote nje ya hospitali, hata kwa wanawe. Nyinyi mliomwita muuaji mlikuwa salama kwa sababu yeye ni muuguzi mwadilifu. Fikirieni hilo mnapojipakulia wali, maana nimeona orodha ya walioalikwa, na wengi wenu mmo.

Kama mimi ninayaandika leo, ni kwa sababu Ngoy ametaka yaandikwe. Sasa damu yake husafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki, na anasubiri figo ya mtu asiyemjua. Alinipigia juzi akitokea kwenye mashine, sauti imechoka. "Atieno, weka jina yangu mbele ya chakula. Bantu wakisha kula, habasikie tena. Nitasema mi mwenyewe: Maman hakurudisha kitu. Mi niliacha dawa, bon, na nilibeya docteur." Kubeya ni kudanganya, kwa wale wasiojua Kiswahili cha Katanga. Inès atakuwa amesimama karibu naye.

Maman Sidonie, asante kwa kila kitanda ulichokisogelea na kwa kila mdomo uliousimamia mpaka kidonge kikamezwa. Asante kwa kunyamaza, ingawa mimi nisingeweza. Lala hadi jua lichomoze, ule mabalungi yako mwenyewe, na kila utakayekutana naye Matonge akusalimie wa kwanza.

Kamati ilikuwa imempa Mchungaji Hilaire sala ya kufungua sherehe. Nimebadilisha ratiba. Atafungua Ngoy. Mchungaji ataombea chakula Ngoy akishamaliza, kama bado atakuwepo ukumbini.

Atieno, kwa niaba ya wauguzi wenzake