Mama Hebu, Aliyeyashuku Maji ya Shule

Sifa zote zina Mwenyewe, Mola aliyempa mwanadamu ulimi wa kuonja na akili ya kuuliza kabla ya kuonja. Ni katika waja wake hao waulizao tulimpata dada yetu, mke, mama na bibi, tunayemsindikiza leo.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 1950, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Aliyemfuata kuzaliwa alikuwa wa kiume, naye alifariki kwa kuhara akiwa darasa la pili. Msibani wakubwa walinong'ona kwamba ni kijicho, na jirani mmoja mjane akawa hasalimiwi tena. Marehemu, wakati huo msichana wa miaka kumi, alimwuliza mama yake, "Mama, mbona watoto wanne wa darasa lake wanaumwa, nao si majirani wa yule bibi?" Aliambiwa anyamaze. Wakubwa walikuwa wakimshuku mtu. Yeye alikuwa akiushuku mtungi wa shule, na shaka hiyo hakuitua hadi alipoitua roho.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, alikohitimu mwaka 1968. Mwalimu wake wa sayansi alipata kusema kwamba wanafunzi wengine huuliza kwa sababu hawajaelewa, bali huyu huuliza kwa sababu ameelewa na hajaridhika. Mwaka 1972 alihitimu chuo cha afya akiwa miongoni mwa wasichana wachache wa darasa lao, akaajiriwa kuwa afisa afya wa shule, kazi aliyoitumikia mpaka alipostaafu mwaka 2010.

Jina la Mama Hebu alipewa na wanafunzi, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza afikapo shuleni. Hebu fungua mfuniko. Hebu nionyeshe ndoo. Hebu nione kikombe. Mkobani alibeba vichupa na vidonge vya kupimia: kidonge kikiyeyuka na maji kugeuka rangi ya waridi, basi dawa ya kuua vijidudu imo, yakibaki meupe, haimo. Chai ya ofisini hakuigusa kabla ya kuona birika limejazwa wapi. Walimu walimwogopa kidogo, wakamcheka kidogo, na siku ya ukaguzi wakaosha kila kitu.

Mumewe, fundi bomba, alimpata kazini. Alikuwa amelala chini ya tangi la shule akikaza koki, akaona viatu vya kike vimesimama karibu na kichwa chake wala haviondoki.

"Dada, utanisimamia mpaka lini?"

"Mpaka umalize."

"Nikishamaliza?"

"Nitaangalia kama umemaliza."

Fundi alipenda kusema kwamba wanaume wengine walichumbiwa wake, yeye alikaguliwa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1977. Aliyesimamia posa, akaibeba kwa maneno matamu mpaka wazee wakalegea, ni kaka mkubwa wa bwana harusi, mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Mungu aliwajalia watoto watatu, na miaka mingi nyumba zile mbili zilikuwa kama chanda na pete.

Wasifu usemao mazuri matupu ni kama mfuniko juu ya maji yasiyoonekana, na marehemu asingeuridhia. Kwa hiyo ni haki lisemwe la mwaka 1991, ambalo wengi walio hapa wanalijua nusu.

Mwaka huo, katika shule ya shemeji yake huyo, watoto walianza kuhara. Mmoja alilazwa, kisha watano, kisha watoto wa madarasa mazima. Miaka miwili nyuma shule ilikuwa imejengewa tangi jipya na bomba linalong'aa, na marehemu mwenyewe alilipima na kulipitisha. Kwa kuwa maji yalikuwa na cheti, vidole vilielekezwa kwa mama aliyeuza vitafunio langoni. Wazazi walipindua meza yake. Mwalimu Mkuu akamfukuza, akisema mbele ya watu, "Kikulacho ki nguoni mwako. Tulimkaribisha wenyewe."

Mama Hebu alikwenda kupima upya. Maji yakageuka waridi, waridi la kupendeza. Alikuwa ameshafunga mkoba wake, akainama kumwaga maji ya kichupa chini ya bomba, akaganda hapo hapo ameinama. Chini ya bomba la watoto mia sita palikuwa pameota nyasi. Hapakuwa na tope wala alama ya unyayo, wala lile dimbwi ambalo watoto hulifanya popote wanapokunywa maji. Nyasi zilikuwa ndefu, zimesimama wima.

Alisubiri kengele ya mapumziko. Watoto walitoka kama nyuki, wakalipita bomba bila kulitazama, wakazunguka nyuma ya jiko hadi kwenye kisima cha zamani cha zege, chenye mfuniko uliopasuka, hatua chache kutoka vyooni. Wakateka kwa kopo moja lililofungwa kamba.

"Shemeji," alimwuliza Mwalimu Mkuu, "bomba lile lina kufuli?"

"Linalo, ndiyo. Watoto hawa unawajua, wakiachiwa watalivunja wiki hii hii. Tunalitunza."

"Mnamtunzia nani?"

"Wageni. Na ninyi wakaguzi. Mkija tunafungua."

"Kwa hiyo miaka miwili nimekuwa nikipima maji yangu mwenyewe."

Mwalimu Mkuu alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akashusha sauti. "Shemeji, haya tuyamalize nyumbani. Nitakifunika kile kisima kesho, na hakuna atakayejua. Usisahau nani alisimama kwenye posa yako."

"Sijasahau. Lakini maji haya hayakunywewa nyumbani, shemeji."

Mizani ilikuwa hiyo mbele yake. Akinyamaza, kisima kitafunikwa kimyakimya, nyumba mbili zitabaki na upendo wao, na mama wa vitafunio atabeba lawama ile maisha yake yote. Akisema, atamwaibisha aliyeisimamia posa yake, na atajiaibisha yeye aliyelipitisha bomba lisilonywewa na mtu. Na palikuwa na shaka nyingine iliyomchoma zaidi, kwa sababu alijua ni mkono wa nani ulioweka mabomba ya shule ile.

Jioni, mezani, alimwuliza mumewe, "Kufuli la bomba ulilifunga wewe?"

Fundi alitafuna kwa muda mrefu kuliko chakula kilivyohitaji. "Kaka aliniomba."

"Ukajua watoto watakunywa wapi?"

"Nilijua ni kufuli tu. Sikuuliza zaidi."

"Nimeishi na fundi bomba miaka kumi na minne," akasema, "na sijawahi kumwona asiyeuliza maji yanakwenda wapi."

Kulipokucha marehemu alivaa, akaenda kwa mkuu wake wa kazi, akaeleza yote, na la kwanza katika maelezo yake lilikuwa kosa lake mwenyewe: kwamba alipima bomba alilooneshwa. Alipofika shuleni kukifunga kisima alimkuta mumewe ametangulia, amepiga magoti penye nyasi, anakata kufuli kwa msumeno wa chuma huku watoto wamemzunguka. Hakuna aliyemtuma. Kaka yake alikuwa amesimama dirishani mwa ofisi, anatazama.

Kuhara kulikoma. Mwalimu Mkuu alihamishwa. Marehemu alikwenda nyumbani kwa mama wa vitafunio, akamshika mkono, wakaongozana hadi mkutano wa wazazi, akasema mbele yao waliopindua meza, "Huyu hakumdhuru mtoto wa mtu. Mimi ndiye niliyewaambia maji ni salama." Tangu siku ile hakupima tena bomba aliloelekezwa. Alitazama kwanza ardhi, kisha akasubiri kengele aone watoto wanakimbilia wapi. Na maafisa wote aliowafundisha hufanya hivyo mpaka leo.

Bali shemeji yake hakukanyaga tena nyumbani kwake. Walipokutana harusini au matangani, na akapewa kikombe kwa mkono wa marehemu, alikipokea kwa adabu, akakiweka chini bila kukionja. Miaka ilipita thelathini na zaidi. Alipoulizwa kama ameumia, marehemu alijibu, "Ana haki. Na mimi nina haki."

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Aliyavumilia matibabu kwa subira, ingawa wauguzi hawakuvumilia maswali yake kwa kiasi hicho. Mwezi Oktoba mwaka uliofuata, alipokuwa amelazwa, aliingia mzee mwenye fimbo na chupa ya chai mkononi. Alikuwa shemeji. Akaketi bila kukaribishwa.

"Nimekuletea maji."

Marehemu aliitazama chupa ile muda mrefu. "Umechemsha?"

"Mpaka mfuniko ukacheza."

"Shahidi ni nani?"

Mzee akajimiminia, akanywa mbele yake mpaka chini ya kikombe, akamimina tena kidogo, kiasi kile ambacho daktari alikiruhusu, akampa. Naye akanywa yote.

"Bado nakushuku, shemeji," akasema.

"Najua. Kesho nije saa ngapi?"

Alikuja kila siku na chupa ile, na kila siku alianza kunywa yeye. Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, baada ya swala na dua za wanawe, shemeji yake akiwa amemshikia kikombe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na mama wa vitafunio, ambaye familia inamhesabu kuwa ndugu. Ameacha pia shemeji mmoja, aliyeomba aandikwe hapa kwa cheo cha kaka, na familia haikupata sababu ya kumkatalia.

Ee Mola, umpokee mja wako pamoja na maswali yake, umjibu Wewe uliye peke yako usiyeshukiwa. Na apumzike.